Pale Pasiposhika Joto

Mjomba aliyenifunza kazi kule Mombasa hakuiamini sakafu kwa macho. Aliishika nyundo kichwani, akagonga kwa mpini, shubiri kwa shubiri, sikio kaliinamisha. Sakafu iliyoshikana na kilicho chini yake hujibu kwa sauti fupi na kavu. Iliyoachana nacho hulia debe. "Ikilia debe usiifunike," alikuwa akiniambia. "Ukiifunika leo, kesho itakuita." Nimeishi London miaka kumi na tisa, nimepiga magoti katika nyumba za watu nisioweza kuwahesabu, na mpaka leo nagonga kwa mpini. Wenzangu hapa Ilford wananicheka. Na wacheke.

Nyumba ninayotaka kuisimulia iko Kingsbury, nyuma ya ile barabara ya maduka ya Wagujarati, ambako unaweza kununua bhajia za moto ukasahau kidogo kwamba uko Ulaya. Aliyeniita ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfamasia, aliyezaliwa na kukulia hapa hapa. Alinifungulia mlango akiwa tayari na koti la kwenda kazini, akanipeleka moja kwa moja jikoni. Zulia la plastiki lilikuwa limeshabanduliwa, na zege ya zamani ilikuwa wazi.

"Mama anashuka hapa kila mara," aliniambia kwa Kiingereza. "Miguu mitupu. Soksi nikimvalisha anazivua. Anasimama tu kwenye baridi, na ameshaanguka mara mbili. Nimepata nafasi yake kwenye nyumba ya wazee, wanataka jibu kabla ya mwaka mpya. Nataka kwanza nijaribu hii. Sakafu ikipata joto, pengine atatulia, na atabaki kwake."

Basi kazi yangu ilikuwa hiyo: sakafu ipate joto, mama mtu mzima asitolewe nyumbani kwake. Nikamwambia inshallah. Nimewahi kutandika vigae kwa sababu za kipuuzi kuliko hiyo.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Juu ya zege unabandika vibao vyepesi vya povu gumu, vilivyochongwa mifereji tayari. Fundi wa bomba analaza paipu za maji ya moto ndani ya ile mifereji. Juu yake unamwaga simenti laini ya kusawazisha, na ikikauka ndipo unapotandika vigae. Ugumu uko kwenye maandalizi. Kibao kikibakiwa na hewa chini yake, joto haliendi linakotakiwa na kigae kitapasuka. Kwa hiyo nilifagia, nikanyonya vumbi lote kwa mashine, nikapiga magoti, nikaanza kugonga.

Sakafu nzima ilijibu vizuri isipokuwa mahali pamoja. Palikuwa mita moja na nusu hivi kutoka ukutani, padogo, kiasi cha sinia ya biriani. Palilia debe. Nikapachimba kwa patasi nikitarajia zege mbovu au panya. Sikukuta kitu. Mchanga tu, na baridi iliyonipanda mpaka kwenye kiwiko, ingawa sehemu nyingine zote za zege hazikuwa baridi hivyo. Nikapajaza simenti ya viraka, nikapalainisha, nikapita na mwiko. Ukipatazama hukioni hata kiraka chenyewe.

Nilikuwa nanawa mikono kwenye sinki nikasikia nyuma yangu, "Wewe fundi! Kuja hapa."

Nageuka, namwona bibi wa Kihindi, mdogo wa mwili, sari nyeupe, shali ya sufi mabegani, miguu mitupu juu ya zege. Nikiri kwamba damu ilinichemka. Baba yangu alifanya kazi dukani kwa Mhindi miaka ishirini na tano na aliitwa boi mpaka mvi zikamtoka. Nami nimepanda ndege mpaka London nije kuambiwa kuja hapa. Nikajibu kwa ubaya, kumfunza adabu, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtoto yangu," akasema, na uso ukamfunguka wote. Ubaya wangu ukaniishia pale pale nikabaki na aibu. Alizaliwa Kisumu, nilikuja kuambiwa baadaye, akalelewa na yaya Mwafrika tangu akiwa mtoto mchanga. Uzee ulipoanza kumla akili ulimchukulia kwanza Kiingereza, kisha Kigujarati kikawa cha kuokota okota. Kiswahili cha yaya ndicho kilichobaki.

Akasogea taratibu mpaka akafika pale nilipochimba. Hakuwepo nilipokuwa nachimba, na kiraka kilikuwa hakionekani. Akapanyooshea kidole cha mguu.

"Iko mtoto hapa chini," akasema. "Yeye nalia. Iko baridi sana. Funika yeye, fundi."

Binti yake alikuja mbio kutoka ukumbini. Ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka kazini, koti bado mwilini. "Anaongea? Ana miezi hajasema sentensi nzima! Amesema nini?"

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka nieleze kwa nini, si kwa kujitetea. Kwetu maneno ya mtu mzima yaliyopotea njia hayachukuliwi kupelekewa mwanawe. Unayaacha pale pale ulipoyasikia. Bibi yangu alipofika umri huo alikuwa akimtukana marehemu mumewe mbele ya wageni, na wageni walikuwa wakisema, ee, mama anaomba maji. Funika kombe mwanaharamu apite. Huo ndio uungwana niliolelewa nao, sikuwahi kuufikiria mara mbili. Na pembeni ya uungwana, niseme ukweli, palikuwa na hofu. Sikutaka neno lile litoke kinywani mwangu ndani ya nyumba ile.

"Anasema miguu inamwuma baridi," nikamwambia.

Binti akafunga macho, akashusha pumzi. "Ndiyo," akasema. "Nilijua ni miguu."

Kesho yake nilianza vibao. Niliipaka zege dawa ya kushikisha, nikaichana gundi kwa mwiko wa meno, nikalaza kibao kimoja baada ya kingine nikivikandamiza kwa magoti. Siku ya pili yake nilifika asubuhi, binti akanifungulia akaenda kazini, na mwangalizi aliyekuwa akimkalia mama alikuwa juu akitandika vitanda. Mama alikuwa ameshatangulia jikoni. Alisimama pale pale, mikono ameifumbata kifuani.

"Bado," akaniambia. Sikuwa hata nimeitoa nyundo.

Nikagonga. Jikoni zima limeshika, pale panalia debe. Nikakibandua kile kibao, na nilipokibandua nikaona gundi ya chini ni mbichi kama niliyoipaka dakika ile, wakati ya jirani yake ilikuwa jiwe. Nikaikwangua yote, nikachanganya upya, nikaipaka sakafuni na mgongoni mwa kibao, nikakilaza, nikakiwekea juu mifuko miwili ya simenti. Mama alinitazama muda wote huo. Nilipomaliza alitoa shali yake mabegani, akaikunja, akainama kwa shida akitaka kuilaza juu ya ile mifuko. Nikamrudishia mabegani. Alikuwa baridi kama bomba la nje.

Siku ya tatu nilitoa mifuko nikagonga, na jibu lilikuwa lile lile.

Nilifanya kitu ambacho huwa sikifanyi. Nililala kifudifudi nikaweka sikio kwenye kibao. Mchana wa Desemba hapa huanza kuingia giza saa kumi kasorobo, na taa nilikuwa sijawasha. Nilisikia sauti nyembamba, inakatika, inaanza tena. Nikajiambia paipu, lakini paipu zilikuwa bado zimeviringishwa kwenye boksi. Nikajiambia mtoto wa jirani, lakini nyumba ya jirani ilikuwa tupu, na bango la kuuzwa lilikuwa nje. Nikasema bismillahi kwa nguvu, nikainuka, nikawasha kila taa ya jikoni, na ile ya ndani ya kofia ya kunyonyea moshi juu ya jiko nayo. Mimi si mwoga. Siku ile niliogopa.

Nilipogeuka mama alikuwa mlangoni.

"Wewe nasikia," akasema. Halikuwa swali.

Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kumsubiri binti yake arudi saa kumi na mbili nikamwambia, dada, mama yako hasemi miguu, anasema kuna mtoto, muulize ni mtoto gani. Ni maneno machache tu. Badala yake nilitaka nimalize nitoke mle ndani.

"Nimemfunika, mama," nikamwambia.

"Kweli?"

"Kweli."

"Na kitu ya moto?"

"Na kitu cha moto."

Akanitazama sana. Kisha akatikisa kichwa ule mtikiso wao wa kukubali, akapanda juu akijishika ukuta. Siku nne hakushuka. Binti alikuja kusimama mbele yangu jikoni na machozi, akanishukuru, akasema sijui umemwambia nini lakini analala sasa, na sakafu yenyewe bado! Akaniletea chai ya maziwa yenye tangawizi. Niliinywa.

Fundi wa bomba alikuja akalaza paipu, akazijaza maji, akazitia presha usiku mzima, hazikupoteza hata kidogo. Mimi nikamwaga simenti ya kusawazisha, na mama, aliyeanza kushuka tena siku ya tano, akawa anazuiwa mlangoni na mwangalizi. Ile simenti ikimwagwa ina rangi ya kijivu iliyoiva, na inapokauka inapauka. Jikoni lote lilipauka kwa siku moja. Pale palibaki peusi, pana ukingo wa duara, siku ya pili, ya tatu, ya nne. Niliweka kipimo cha unyevu nikaona hakuna maji. Palikuwa pakavu, ila peusi.

Mjomba wangu angekusanya vifaa akaenda kumwambia mwenye nyumba kwamba sakafu haiko tayari. Mimi nilihesabu siku zilizobaki za mwaka, nikafikiria jibu linalosubiriwa kule kwenye nyumba ya wazee, nikajipa sababu nzuri. Nikatandika vigae, vikubwa, vya rangi ya mchanga. Pale nilipaka gundi mara mbili. Kazi ilikuwa safi, kila mstari umenyooka, na kila nilipopita juu ya kile kigae nilikiruka bila kujua kwamba nimekiruka.

Wiki ya mwisho ya mwaka tulipandisha joto kidogo kidogo, kama inavyotakiwa. Nilipita na kipimajoto cha kulenga. Ishirini na sita, ishirini na sita, ishirini na saba. Pale, kumi na moja. Fundi wa bomba akasema ni hewa ndani ya paipu, akaitoa, na pale pakabaki kumi na moja. Akasema basi ndiyo kawaida ya nyumba za zamani. Paipu tatu zilipita chini ya kile kigae zikiwa na maji ya moto, nazijua zilipo, nimeziona zikilazwa.

Binti hakujali kigae kimoja baridi. Nani angejali? Lakini mama alishuka asubuhi ya pili, akavuka jikoni lote lenye joto, akaenda kusimama pale. Akasimama siku ile na siku iliyofuata. Siku ya tatu aliinama kulaza shali, akaanguka, akavunjika nyonga. Kutoka hospitali hakurudi nyumbani. Binti alinipigia kunieleza, kwa upole tu, kwamba alijaribu, sote tulijaribu. Nikasema pole sana, dada. Nilikaa ndani ya gari langu, nje ya nyumba ya mtu huko Hayes, mpaka mteja akaja kugonga kioo.

Akanipigia tena mwezi wa nne, kwa sauti nisiyoijua, akaniomba nifike Kingsbury.

Mezani jikoni palikuwa na kopo la biskuti la zamani, ambalo mama yake aliwekea nyuzi na sindano. Chini ya nyuzi alikuta karatasi ndogo ya makaburini iliyokunjwa mara nne: mtoto mchanga, hana jina lake mwenyewe, jina la ukoo wa baba yake tu na namba ya kaburi. Akampigia shangazi yake, dada wa marehemu baba, mtu pekee aliyebaki wa wakati ule. Shangazi akalia kwanza, kisha akasema.

Ulikuwa msimu wao wa kwanza wa baridi hapa nchini. Uchungu ulimshika mama kabla ya siku zake, na mtoto akazaliwa humo humo nyumbani, nyuma, karibu na mlango wa uani. Jikoni lilikuwa halijapanuliwa, mlango wa zamani ulikuwa pale. Mtoto hakulia. Waliokuja na gari la wagonjwa walimshughulikia mama, na mtoto akalazwa sakafuni juu ya gazeti. Mama alikuwa akiomba wamfunike. Aliomba kwa Kigujarati, akaomba kwa Kiswahili, Kiingereza alikuwa hajajua. Baba alikuwa amesimama tu. Kisha wakamchukua, na mama hakumwona tena wala hakuambiwa alikozikwa. Karatasi ilipokuja kwa posta baba aliificha, na mama aliikuta baba alipokufa. Hakuwahi kumwambia binti yake hata neno moja.

"Nataka kukuuliza," binti akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unamwelewa. Aliwahi kukuambia chochote?"

Nilikuwa nimesimama na soksi, viatu nimeviacha mlangoni, na joto la sakafu yangu mwenyewe lilikuwa linanipanda miguuni. Nilimwambia. Nilimwambia la mtoto, la baridi, la kumfunika, la sauti niliyoisikia. Nilimwambia na uongo wangu wote.

Kisha akasema taratibu, "Ulisimama hapa hapa. Nikakuuliza. Ukaniambia miguu."

"Ndiyo."

"Alikuwa na miezi hajasema kitu. Akasema hicho, na wewe ukaniambia miguu."

Kuomba radhi niliomba, lakini radhi ya namna hiyo haina pa kuwekwa. Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka. Akaondoka yeye, akaenda kusimama kwenye kile kigae na miguu mitupu, mikono ameifumbata, kama mama yake kabisa.

"Nimeshakwenda makaburini," akasema akiwa pale. "Ni upande wa pili wa mji. Wamelala wengi kaburi moja, nyasi tu. Nilitandika shali yake nikaiwekea mawe pembe nne. Nimemwambia mama, kwa Kiingereza, kwa Kigujarati changu kibovu. Hanisikii. Tangu mwezi wa pili hasemi na mtu. Utakuja umwambie wewe."

Hakuniuliza kama nitakuja. Tukaenda mchana ule ule.

Chumba chake kilikuwa kidogo, kina joto kuliko kawaida, dirisha linatazama maegesho ya magari. Mama alikuwa kitini, blanketi magotini, amebaki nusu ya yule niliyemwona. Soksi zake zilikuwa chini, amezivua. Macho alikuwa ameyaelekeza sakafuni. Nilipiga magoti mbele yake, na hilo ndilo jambo ninalolijua kuliko yote.

"Shikamoo, mama," nikasema. Hakuitikia. "Ni mimi fundi. Mtoto tumempata. Binti yako amekwenda mpaka alipolala. Amemfunika kwa shali yako. Hana baridi tena."

Nilirudia mara mbili. Binti alikuwa nyuma yangu, namsikia akivuta pumzi. Mara ya tatu kichwa cha mama kiligeuka polepole sana, macho yakanipanda kutoka mikononi mpaka usoni, yakanijua. Niliona wazi kwamba yamenijua.

"Wewe fundi," akasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza lakini kila neno lilitoka zima. "Ile siku wewe nasema kwisha funika. Mimi naamini wewe. Mimi naacha yeye siku nne."

Kisha akarudisha macho sakafuni.

Binti alinishika bega kwa nguvu. "Ameongea! Amesema nini?"

Nilibaki vile vile, magoti chini. Nikamwambia, neno kwa neno.